Shamba lako lina zao moja kweli? Kuhusu dawa za majani zinazochagua

Mvua za Desemba zikishaanza kudondoka huku kusini, meseji ninazopata zinafanana karibu zote: kaka nipige dawa gani ya majani, kuna jamaa kaniambia ipo dawa inaua majani inaacha mahindi, ni kweli au ananidanganya? Ni kweli. Ipo na inafanya kazi, na kwa mtu mwenye ekari zake kadhaa ambaye vibarua wa palizi hawapati, au anawapata majani yakiwa yameshafika kiunoni, dawa hiyo inaweza kumwokolea msimu mzima. Mimi siipingi hata kidogo, shambani kwetu Ruangwa kwenye ufuta tunatumia dawa inayochagua, ila ya kundi lingine. Ila kuna jambo moja nalisema kila nikipata nafasi na leo nimeamua kuliandika kwa urefu, maana kwenye meseji haliishi: dawa hizi zimetengenezwa zikifikiria shamba lenye zao moja, na mashamba yetu mengi ya Lindi na Mtwara hayana zao moja. Humo humo kuna mahindi, kuna mbaazi katikati ya mahindi, kunde zinatambaa chini, mihogo upande wa kichuguu, na siku hizi watu wanachomekea na miche ya mikorosho. Aliyeandika lebo ya chupa hajawahi kuliona shamba hilo.

Kwanza tuliondoe hili la Roundup, maana wengi wanaita kila dawa ya majani kwa jina hilo. Roundup ni glaifoseti, ilianza kuuzwa mwaka 1974, na yenyewe haichagui kitu. Jani lolote bichi linaloipokea vizuri linakufa, liwe ndago, liwe mhindi, liwe mche wako wa korosho. Kazi yake ni kusafisha shamba kabla hujapanda. Sasa vijana wanaangalia video za Marekani, trekta linapita juu ya mahindi linamwaga glaifoseti na mahindi yanabaki kijani, wanadhani dawa ni tofauti. Dawa ni ile ile, tofauti ni mbegu. Kule wanapanda mahindi yaliyobadilishwa vinasaba ili yaivumilie, na Tanzania mbegu hizo haziruhusiwi kulimwa. Kwa hiyo wewe ukipita na glaifoseti juu ya mahindi yako ya Nachingwea, baada ya wiki mbili utakuwa na shamba la kahawia.

Dawa inayochagua ni nyingine, na ukielewa inachaguaje hutadanganywa dukani. Chukua 2,4-D, ya zamani sana hii, iko sokoni tangu katikati ya miaka ya 1940. Inaigiza homoni ya ukuaji ya mmea. Mmea wa majani mapana ukiipokea unakua ovyo, shina linajipinda, majani yanakunjika kama kikombe, mishipa ya ndani inavurugika, mmea unakufa kwa kukua vibaya. Nyasi na jamaa zake, mahindi, mtama, mpunga, wana njia ya kuihimili, umbo lao la ndani ni lingine na kemikali yenyewe wanaizima haraka. Ndo maana mchicha pori unalala na mhindi unasimama. Lakini hata mhindi una kikomo chake: ukishapita kama sentimita 20 kwenda juu, ukimwagia 2,4-D kichwani shina linakuwa linavunjika kirahisi, upepo ukija asubuhi unakuta mahindi yamelala. Watu wanasema ni upepo. Mara nyingi ni dawa iliyochelewa.

Atrazini nayo, iliyoanza mwaka 1958, inakwenda kwa njia nyingine kabisa. Inaingia hasa kwa mizizi na kuzuia mmea usitumie mwanga wa jua kujitengenezea chakula. Mhindi unaipokea kama mimea mingine inavyoipokea, lakini una vimeng'enya vinavyoikatakata haraka kabla haijafanya madhara. Kunde hazina uwezo huo wa kutosha. Ufuta hauna. Karibu kila gugu la majani mapana halina, na nyasi changa nyingi pia.

Halafu kuna kundi la tatu ambalo kwetu sisi wa ufuta ndo muhimu zaidi: haloksifopu, fluazifopu, kwizalofopu, kletodimu. Hizi zinafanya kinyume, zinaua nyasi tu na kuacha majani mapana. Zinazuia kimeng'enya cha kutengenezea mafuta ndani ya mmea, na kimeng'enya hicho kwenye nyasi kimejengwa tofauti na kile cha ufuta, karanga, njugu mawe, mbaazi au mihogo, kwa hiyo dawa inamshika mmoja na kumwacha mwingine. Ufuta unakua polepole mno mwezi wa kwanza, kila aliyelima anajua, mche uko kama uzi na nyasi zimeshakuwa na familia, na kipindi hicho ndo mavuno yanapotea, si baadaye. Kupita na mojawapo ya dawa hizi nyasi zikiwa bado na majani matatu mpaka matano, ni tofauti kubwa sana. Ila ukisubiri zikomae zitoe vishina vingi, unapoteza hela. Na majani mapana yaliyomo ndani ya ufuta yatabaki pale pale yanakuangalia, hayo ni jembe au mkono, hakuna namna, kwa sababu 2,4-D ukiisogeza karibu na ufuta umeumaliza. Hapa ndo utaona faida ya kupanda kwa mistari kama watafiti wa kilimo wa TARI Naliendele wanavyoelekeza siku zote, maana ufuta wa kumwaga hata jembe halipiti.

Sasa turudi kwenye mchanganyiko, ndo roho ya haya yote.

Mama mmoja jirani yetu, mtu mzima, shamba lake liko bondeni kuelekea Mto Lukuledi, alimpa kijana hela amtafutie dawa ya majani ampulizie kabisa, mgongo ulikuwa unamsumbua. Kijana akaenda duka moja la pembejeo, akaulizwa shamba la nini, akajibu la mahindi. Hakudanganya. Sote tunasema hivyo, shamba la mahindi, hata kama ndani yake kuna vitu vitano. Muuzaji akampa 2,4-D, kijana akachanganya vizuri tu, akapiga vizuri tu, kazi safi. Siku chache baadaye mbaazi zote zimejikunja shingo, kunde zimekauka, mihogo michanga majani yamekuwa kama vidole. Yule mama akaniita, tukasimama pale. "Mwanangu, si walisema haiui mahindi?" Nikamwambia ndiyo mama, mahindi yako ni mazima. Akanyamaza. Nami sikuwa na la kuongeza, maana alichoambiwa kilikuwa kweli na alichopoteza kilikuwa kweli vile vile.

Alipoteza nini hasa? Watu wa mjini wanadhani mbaazi ni nyongeza. Mbaazi ndo inabaki shambani mahindi yakishavunwa, inaendelea kwenye unyevu wa chini wakati hakuna kingine cha kuota, inakuja kuvunwa kiangazi, na mizizi yake imeweka naitrojeni kwenye udongo ambayo wengi wetu hatuna hela ya kuinunua kwa mfuko. Kunde ni mboga kuanzia majani mpaka punje. Na hata yale tunayoyaita magugu, mlenda, mchicha pori, mnavu, mgagani, ndo mboga ya Januari na Februari nyumba nyingi za huku, kipindi ambacho ghala limebaki vumbi. Yote hayo ni majani mapana. Dawa inayoacha mahindi haiyaachi hata moja. Na wakati huo yamesinyaa lakini hayajafa, kuna mtoto atatumwa akachume mboga shambani kama kawaida, hakuna aliyemwambia kwamba jana kulipigwa dawa. Tafadhali sana, ukipiga dawa waambie watu wote wa nyumbani na majirani wanaopita kuchuma, na weka alama, hata tawi na kitambaa.

Kuna kitu kingine ambacho kinaniuma zaidi kwa sababu hakionekani. Ule mchanganyiko wenyewe ni palizi. Kunde zikitambaa zikafunika udongo, mwanga haufiki chini, magugu mengi hayaoti. Na kiduha, lile gugu la maua mekundu linalonyonya mahindi na mtama, mbegu zake ni ndogo kama vumbi, zinalala udongoni miaka na miaka zikisubiri harufu ya mzizi wa kunyonya. Kiduha kikishachomoza ukakiona, madhara makubwa yameshatokea chini kwa chini, ukikipiga 2,4-D utakiua kweli kisitoe mbegu lakini mhindi wako umeshanyonywa. Mizizi ya kunde na karanga inaziamsha mbegu zile halafu hazipati cha kunyonya, zinakufa zenyewe. Yaani unaweza kununua dawa ya kuua magugu ukaua kwanza kilichokuwa kinapambana na magugu bure.

Kwa hiyo mtu akiniuliza nipige dawa gani, mimi nauliza kwanza taja kila kilichopandwa humo ndani, kila kitu, na miche ya korosho usiisahau. Dawa inaamuliwa na zao dhaifu kuliko yote lililomo, si na zao lenye jina la shamba. Kama ni mahindi na karanga, au mahindi na kunde, kuna dawa za kupiga kabla havijaota, S-metolakloro mojawapo, ambazo lebo nyingine zinaruhusu mahindi na karanga na baadhi ya jamii ya kunde, lakini angalia sana maana madukani imejaa ile iliyochanganywa na atrazini humo humo kwenye chupa moja, hiyo ni ya mahindi peke yake. Kama kuna mihogo, mbaazi na kunde bila mahindi, zile za kuua nyasi zinafaa kama lebo inayataja mazao yako. Kama vimo vyote pamoja, mahindi na mbaazi na mihogo na kunde vimechanganyika, jibu langu ni jembe, na naliamini kabisa jibu hilo. Weka dawa kwenye ile ekari ya ufuta mtupu au jaruba la mpunga, nguvu ya mikono unayookoa kule ilete huku. Wapo wanaopanga kwa mikanda, mahindi mistari kadhaa kisha mkanda wa mbaazi, wanafunga kinga mdomoni mwa bomba dawa isiruke, inawezekana lakini inataka mtu makini na siku isiyo na upepo.

Na upepo wetu tunaujua. Msimu wa kupiga dawa ndo msimu wa kaskazi, hasa kwa wa Kilwa, Lindi na Mikindani, ikifika mchana inavuma kweli. 2,4-D iliyotengenezwa kama esta ina tabia ya kupanda hewani kama mvuke jua likiwa kali, hata baada ya kutua, ikaenda kwenye nyanya au mihogo ya mwenzio. Ile ya amini inatulia zaidi. Piga asubuhi mapema, ukiona majani ya mwembe yanacheza acha. Ugomvi mwingi wa mipakani siku hizi hausababishwi na mbuzi.

Maji. Hapa nawaonea huruma ndugu zetu wa uwanda wa Makonde, Newala na Tandahimba, ambako ndoo ya maji ina bei. Chukua bomba lako la lita 16, pima eneo la mita 10 kwa 10, jaza maji matupu mpaka alama, lipige eneo hilo kwa mwendo wako wa kawaida, kisha angalia umetumia kiasi gani. Tuseme lita 2. Ekari moja ina maeneo kama hayo 40 na ushee, kwa hiyo utatumia karibu lita 80, mabomba matano, ndoo kubwa nne. Kama lebo imesema lita moja ya dawa kwa ekari, unaweka mililita 200 kila bomba. Fanya na mwendo wako mwenyewe, wa mtu mwingine hautakusaidia, mrefu na mfupi hawatembei sawa. Wengi wanapima kwa kifuniko bila kujua kifuniko kina mililita ngapi, ndo unakuta upande mmoja majani hayajasikia na upande mwingine mahindi yameungua. Na maji yawe safi. Maji ya tope ya lambo yanaishika glaifoseti ikakosa nguvu, na mchanga unaziba nozeli.

Bomba la majani liwe la majani tu. Hili nalirudia hasa kwa Mtwara, bomba linazunguka kijiji kizima, leo limepiga 2,4-D kwa mahindi, kesho limeazimwa kupulizia mikorosho au bustani ya nyanya. Mabaki yanakaa kwenye mpira na kwenye mkono wa bomba, suuza moja haitoi. Na usichanganye dawa ya wadudu humo humo ili uokoe safari. Tangu viwavijeshi vamizi walipoingia nchini mwaka 2017 kila mtu ana chupa ya wadudu nyumbani, na nyingine ni za kundi la oganofosfeti. Ukiichanganya na nikosulfuroni, ambayo ni dawa nzuri ya majani kwenye mahindi machanga, mhindi unashindwa kuisaga ile dawa ya majani na unaumia wenyewe. Kitu kilichokuwa kinachagua kinaacha kuchagua.

Wenye ndago najua mnasubiri. Ndago si nyasi na si jani pana, kwa hiyo zile za kuua nyasi haziigusi, na ukikwatua juu vile vidonge vya chini vinachipua tena. Halosulfuroni inaiweza ndani ya mahindi, au glaifoseti kabla ya kupanda ndago ikiwa imekua vizuri ina majani ya kutosha kuipeleka dawa chini. Wa mpunga, mabonde ya Kitere na kwingine, mjue mpunga pori hauna dawa ya kuutenga na mpunga wako, ni ndugu wa damu, dawa itakayouacha mmoja itauacha na mwingine. Mbegu safi na kung'oa.

Dukani angalia namba ya usajili ya TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu iliyochukua nafasi ya TPRI baada ya sheria ya afya ya mimea ya mwaka 2020. Lebo iwe ya Kiswahili unayoisoma mwenyewe, mfuniko haujaguswa, na tazama mkanda wa rangi chini ya lebo: nyekundu ndo hatari zaidi, kisha njano, bluu, kijani. Iliyomiminwa kwenye chupa ya maji ya kunywa usiipokee hata kwa bei ya bure. Vaa buti, glavu, mikono mirefu, ngozi inanywa dawa kuliko watu wanavyodhani. Chupa ikiisha isuuze mara tatu, maji ya suuza yarudi kwenye bomba, halafu itoboe, kwa sababu isiyotobolewa itaonekana jikoni ina mafuta ya kula.

Usipige dawa moja kila mwaka. Magugu yanayoishinda atrazini na ndugu zake yaliandikwa na wataalamu Marekani tangu mwaka 1970, na kilichoyazaa ni mazoea tu, dawa ile ile mahali pale pale, yale machache yaliyovumilia yakazaana mpaka yakalijaza shamba.

La mwisho ni kwa wanaopokezana mahindi na ufuta kwenye kipande kimoja, na huku tupo wengi. Atrazini haiondoki mahindi yakivunwa. Mvua ikiwa haba inakaa udongoni muda mrefu, na kwenye mchanga mvua ikiwa nyingi inashuka kwenda kwenye maji ya chini, ndo sababu Umoja wa Ulaya uliikataa mwaka 2004, kwa hiyo karibu na kisima usiitumie. Kama ulipiga msimu uliopita na sasa unataka kuweka ufuta au kunde, fanya hivi kabla ya kununua mbegu. Chota udongo wa juu sehemu kadhaa za shamba, changanya, jaza makopo mawili matatu yaliyotobolewa chini. Jaza mengine kwa udongo wa sehemu ambayo haijawahi kupigwa, pembeni kwenye kichaka. Panda ufuta na kunde kwenye yote, mwagilia sawa, yaweke juani. Zitaota zote, usidanganyike na kuota. Subiri wiki tatu. Kama za shambani majani ya chini yanaanza kugeuka njano kuanzia kingoni kisha yanakauka, na za kichakani ziko kijani, basi msimu huu weka mahindi tena au mtama, ufuta upeleke kipande kingine.